Cha Sufuriani ni Chetu

Jumatatu, 10 Machi

Binti yangu amenipa daftari hili. Anasema niandike, maana nikiendelea kuongea peke yangu mchana kutwa majirani watadhani na kichwa nacho kimevunjika. Ana miaka kumi. Tunamwita Chiriku, na ukikaa naye dakika tano huulizi sababu.

Basi naandika kama ninavyojaza kitabu cha safari cha lori. Safari ya leo: kitandani hadi jikoni, jikoni hadi kitandani. Mzigo: mguu mmoja uliofungwa plasta kutoka wayo hadi juu ya goti. Dereva: mimi, niliyeteleza juu ya shehena ya saruji nikikaza turubai, nikatua chini kama mfuko mmoja wa saruji. Hali ya hewa: mvua imeanza. Daktari anasema plasta itatolewa mwanzoni mwa Mei.

Chakula: kuku wa kuchemsha na wali mweupe. Chumvi hakuna.

Jumanne, 11 Machi

Kuku na wali. Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Kuku na wali. Nilimuuliza Chiriku leo tunakula nini, akaniangalia kwa huruma.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeuliza. Mke wangu ni mpishi wa hospitali. Huondoka kabla ya jua na kurudi saa kumi na mbili jioni na sufuria yenye mfuniko wa kubana, imefungwa kwa kanga. Nilidhani huleta mara moja moja. Kumbe huleta karibu kila siku ya kazi.

"Wagonjwa wanapikiwa hivi hivi," aliniambia. "Bila chumvi, bila kiungo. Kikibaki tunagawana wapishi. Cha sahani kinakwenda kwenye ndoo. Cha sufuriani ni chetu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

Alianza kazi miaka kumi na miwili iliyopita. Nilihesabu mara mbili. Miaka yote hiyo mimi niko barabarani, nikisimama pale penye moshi wa nyama choma, nikilamba vidole, na nikirudi nyumbani kwa siku mbili napikiwa chakula cha mgeni. Nilikuwa najisifu kwamba familia yangu inakula kuku. Kweli inakula kuku. Hakuna aliyeniambia kwamba kuku mwenyewe ana ladha ya pamba.

Nilimuuliza mbona hakuwahi kulalamika. Alisema chakula ni chakula, akaenda kufua. Alikula amesimama, kama kawaida yake, mgongo kwenye mlango wa jikoni.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mimi nimegaagaa nchi nzima na magurudumu kumi na manane, na wali mkavu ulikuwa unanisubiri nyumbani. Nimekataa. Mguu umevunjika, mikono mizima.

Ijumaa, 14 Machi

Jaribio la kwanza. Mke wangu alipofika tu na sufuria nilikaa kwenye stuli ndefu, mguu nimeuweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikamimina wali wa moto kwenye mafuta, nyanya, chumvi na maji kidogo, nikakoroga kwa nguvu kama ninavyochanganya gundi ya matairi. Nikapata gundi ya matairi.

"Baba, hii tubandike wapi?" Chiriku aliuliza.

Nimekula sahani nzima, makusudi, nikimtazama usoni.

Jumatatu, 17 Machi

Nimegundua! Jana wali ulibaki kwenye friji, asubuhi ulikuwa mgumu, punje zimeachana, kila moja na lake. Wali wa kukaanga hautaki kuwa wa moto. Unataka kulala kwenye baridi kwanza.

Na kuku usimkate kwa kisu. Mchambue kwa vidole, kufuata nyuzi za nyama. Mkamulie ndimu, mtie chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa, mwache akae. Kikaango kiwe cha moto mpaka mafuta yatembee, ndipo umtandaze, halafu uondoe mkono. Hapo ndipo uanaume unapopimwa, kwenye kutokoroga. Kingo zikiwa za kahawia na zinalialia, mtoe. Kitunguu kifuate, tangawizi, pilipili moja, wali mwishoni kabisa.

Chiriku alikula bila kusema neno. Mwenye kumjua ataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Mke wangu alikula amesimama. Alirudia. Hakusema kitu.

Jumanne, 18 Machi

Mifupa nimeichemsha saa mbili na tangawizi na kitunguu kilichoungua. Supu. Nyumba nzima ilinukia.

Alhamisi, 20 Machi

Honi alikuja kuniona. Ni dereva mwenzangu, tumepokezana usukani miaka saba, na jina lake limetokana na mdomo, si gari. Alinikuta jikoni nimevaa aproni ya mke wangu, ile ya maua.

"Breki!" alipiga kelele mlangoni, jina wanaloniita stendi. "Ni wewe au ni shemeji?"

"Ni mimi. Funga mlango, mvua inaingia."

"Umevaa aproni?"

"Nimevaa."

"Wenzako wakisikia?"

"Waambie. Waambie na rangi yake."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu nikamwekea sahani: wali wa jana niliouchanganya na yai na majani ya kitunguu, nikaufinyanga vidonge bapa nikavikaanga, na kuku ndani yake. Alikula vinne. Aliomba vingine viwili vya kula njiani, akavifunga kwenye leso. Kisha akaenda stendi ya malori kunitangaza. Najua, kwa sababu kufikia jioni nilikuwa nimepigiwa simu na madereva watano wakiniita mama ntilie. Wacheke. Wenzangu hao jioni hii wanakula mikate mikavu ndani ya kebini.

Jumapili, 23 Machi

Chiriku amezungumza na bibi yake kwenye simu. Alimweleza kila kitu: aproni, stuli, ndoo, sufuria ya hospitali. Nilimpungia mkono anyamaze, akadhani nawasalimu.

Mama aliomba apewe mimi.

"Mwanangu, ni kweli unalishwa makombo ya wagonjwa?"

"Si makombo, Mama. Ni kiporo. Kimebaki sufuriani, hakuna aliyekigusa."

"Na kweli wewe ndiye unayepika, na mguu wako huo?"

"Mguu sikorogei, Mama."

Hakucheka. Alisema mvua zikipungua barabara ikapitika, atakuja kunichukua nikauguzwe kwake na mtu anayejua kutunza mume. Alisema pia kwamba chakula cha wagonjwa huleta ugonjwa, na kama mke wa mwanawe anaipenda ile kazi kuliko nyumba, basi ukoo ukae uzungumze. Mke wangu alikuwa akipiga pasi sare yake pale pale. Pasi haikusimama.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Karanga za kusaga kwenye mchuzi. Vizuri.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Nyanya zimepanda bei, nimetumia ukwaju. Vizuri zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika usiku.

Umeme ulikatika jana alasiri kwa ile radi. Friji ikazima. Mke wangu alipoleta sufuria jioni ilikuwa bado ya moto, nikajiambia hili mimi nalijua. Barabarani tunafunga chakula kwa koti na kukiweka kwenye kebini, sehemu yenye joto la injini, na mchana unakula cha moto. Basi nilichukua sufuria, nikaizungushia blanketi mbili, nikaiweka kwenye kona karibu na jiko. Mke wangu alikuwa amelala kwa uchovu. Sikumwamsha. Nilijiona fundi.

Leo mchana niliifungua. Bado ilikuwa na joto, nikafurahi! Wali ulikuwa umelainika na una harufu kidogo, kama kitambaa kilichokaa na maji. Nikasema ndimu itamaliza. Nikatia kitunguu saumu mara mbili na pilipili mara mbili. Chiriku alikula sahani mbili. Mimi nilikula kidogo kwa sababu Honi alikuwa kwenye simu.

Saa tisa Chiriku alianza kushika tumbo. Saa kumi alikuwa ametapika mara sita na hasemi. Chiriku hasemi! Mke wangu yuko zamu, simu yake ipo kwenye kabati la sare. Nilijaribu kumbeba, gongo likateleza, tukaanguka wote wawili mlangoni kwenye maji. Nililia, sioni haya kuandika. Nilimpigia Honi. Alikuja na pikapu ya watu ambayo sijui aliipata wapi, akambeba mtoto begani kama mfuko wa unga na mimi akanisukuma nyuma.

Muuguzi aliuliza mtoto amekula nini. Nilisema, "Wali. Ulilala kwenye blanketi." Alirudia neno blanketi polepole akiandika. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameitwa kutoka jikoni, ameloa jasho, aproni mwilini. Alisikia yote.

Chiriku ana dripu mkononi. Wanasema atapona. Mimi tumbo linanikata na nafurahi linikate.

Jumapili, 6 Aprili

Amerudi nyumbani. Ameomba maji, halafu akaomba kujua dripu ina lita ngapi na kwa nini haina rangi. Mungu ni mwema.

Mke wangu amesubiri mtoto alale, ndipo akaongea. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Ungeniuliza," alisema. "Wali ukikaa na joto usiku kucha unageuka sumu, na ukiurudisha motoni sumu haitoki. Jikoni kwetu hata kibarua wa siku ya kwanza anajua. Miaka kumi na miwili nabeba ile sufuria, hakuna siku mtoto wangu ameugua. Unadhani ni bahati?"

Nilisema nilidhani...

"Ulidhani najua kuchemsha tu. Ulidhani sijui chumvi ni nini."

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi hakuwahi kukiunga chakula chenyewe. Aliangalia mikono yake. Alisema huwa amekata vitunguu vya watu mia mbili tangu alfajiri, na akifika nyumbani akishika kisu tena, atalia kweli, na hajui atanyamaza saa ngapi. Nyumba ilikuwa ya mtu mmoja, alisema. Mume alikuwa mgeni anayekuja na zawadi.

Nilizitoa jikoni zile blanketi mbili, nikazikunja.

Jumatatu, 7 Aprili

Kuku na wali. Bila chumvi. Sijagusa kikaango.

Jumanne, 8 Aprili

Kuku na wali.

Jumatano, 9 Aprili

Kuku na wali. Mama amepiga simu. Amejua kuhusu hospitali, na simlaumu Chiriku, hadithi kama hiyo hata bubu angeisimulia. Mama anasema sasa amepata ushahidi: chakula cha wagonjwa kimemwangusha mjukuu wake. Nilimwambia kosa ni langu na blanketi. Alisema mwanamume hawezi kukosea jikoni, kwa kuwa si pake. Ukoo umeshazungumza, alisema. Mke wangu ataacha kazi ile, au yeye Mama anakuja kunichukua, na atakuja na Mjomba awe shahidi.

Mke wangu aliuliza Mama amesema nini. Nikamwambia yote, sikupunguza. Alisema, "Sawa," akafunga mlango wa chumba.

Ijumaa, 11 Aprili

Chiriku amesukuma sahani. "Baba, umeacha kwa sababu yangu? Mimi nimepona. Wewe bado?"

Mtoto huyu atakuja kuwa hakimu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepiga moyo konde. Nimemwomba mke wangu anifundishe, na safari hii nimeandika kila neno kama dereva mgeni anayeelekezwa njia. Sufuria ikifika, wali utandazwe kwenye sinia pana, mwembamba, upoe upesi. Ukipoa, uingie kwenye friji hapo hapo, wenye mfuniko. Uliwe kesho yake, haulali mara ya pili. Ukiupasha, utoe moshi mpaka katikati. Umeme ukikatika usiku, mwaga. Ukiunusa ukajiuliza, mwaga. "Ukishajiuliza tu, umeshajibiwa," alisema.

Nami nikamwonyesha kutokoroga. Alishika mwiko, akataka kukoroga, nikamshika mkono. Tulisimama hivyo kama wajinga tukisikiliza kuku akilia kwenye mafuta. Alionja ukingo mmoja uliokauka. Akasema, "Kumbe."

Jumanne, 22 Aprili

Honi amekuja na rafiki zake wawili. Walikuja kucheka, wakala, wakaniuliza kuhusu tangawizi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua inapungua. Barabara, wanasema, inapitika. Nimelala vibaya.

Ijumaa, 2 Mei

Plasta imetoka. Mguu umekonda, umepauka, una nywele. Chiriku ameuita jina ambalo siliandiki. Natembea na gongo moja. Tajiri wa lori anasema niripoti Jumatatu ya tarehe kumi na tisa.

Jumamosi, 10 Mei

Wamefika. Mama na Mjomba, kaka yake, mzee mpole aliyekuwa karani wa mizani na bado huitazama kila sahani kana kwamba ataambiwa aikadirie kilo. Mama alinishika uso kwa mikono miwili akasema nimenenepa. Alilisema kama lawama.

Mke wangu alirudi na sufuria saa kumi na mbili. Wageni walikuwa uani. Alinitazama, akatazama friji, tukaelewana. Nilitandaza wali kwenye sinia.

Kuna njia rahisi. Ningeweza kununua kuku mpya kesho na kuipumzisha nyumba. Nimewaza nusu saa nzima. La. Nikimficha kuku huyu, nimekubali kwamba kuna aibu, na mwenye aibu atakuwa yeye. Mtoto wangu amekua kwa sufuria hii. Mama atakula tunachokula.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi nilikuta mashati yangu yamekunjwa ndani ya begi la safari, begi liko mlangoni. Mama hakuuliza. Alikunja tu, kama alivyonikunjia nilipokuwa nakwenda shule.

Nilipika saa nne hadi saa saba. Kuku nilimchambua nyuzi nyembamba, ndimu, tangawizi, pilipili manga. Nilimkaanga mafungu matatu ili kikaango kisipoe. Wali niliuunga na kitunguu kilichoiva mpaka kikawa cha kahawia iliyokolea, bizari, karoti. Mchuzi ulitoka kwenye mifupa, na nyanya, na karanga kidogo. Sikuonja chumvi mara tatu kama siku nyingine. Niliionja mara kumi.

Mjomba alikula akiwa amefumba macho. Mama alikula polepole, halafu si polepole. Alichukua mara ya pili mwenyewe, bila kukaribishwa. Kisha akaegemea kiti, akamwambia mke wangu, na nadhani alikuwa anajaribu kuwa mwema:

"Mkwe wangu, kwa leo nasema ukweli. Huu ni mkono wa mwanamke aliyefundwa."

"Mama, sijapika mimi," mke wangu alisema.

"Aliyefundwa ni mimi, Mama," nikasema. "Na kuku huyu na wali huu vimetoka hospitalini jana jioni. Vyote."

Chiriku aliacha kutafuna. Mama alisukuma sahani mpaka katikati ya meza, ikagonga bakuli.

"Umenilisha makombo. Mimi, niliyekuzaa."

"Makombo yanabaki kwenye sahani ya mtu. Hiki kimebaki kwenye sufuria ya mke wangu, kakipika kwa mikono yake. Ndicho kilichomkuza mjukuu wako mimi nikiwa sipo. Aliyemfanya mtoto augue ni mimi na ujuaji wangu. Ulisema chakula hiki kinaleta ugonjwa. Basi umekila, Mama, na umerudia."

Mama alimgeukia mke wangu.

"Nakuuliza mbele ya kaka yangu. Kazi ile unaiacha, au huyu naondoka naye leo?"

Msimu mzima nimeandika hapa kwamba mke wangu hakusema kitu. Leo aliweka kijiko chini, akajifuta midomo.

"Kazi siachi, Mama. Huyu ni mtu mzima. Akitaka kwenda, mlango ule, na begi umeshamfungia. Ila akienda, kikaango akiache."

Mjomba alicheka na wali mdomoni, akapaliwa, Chiriku akampiga mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Dada, mimi shahidi. Kuku huyu hana ugonjwa." Akajiongezea mchuzi.

Wote wakanitazama. Nilisimama kwa gongo, nikaenda mlangoni, nikafungua begi. Nilitoa mashati moja moja nikayaweka juu ya kiti. Yalikuwa saba. Mama alihesabu kwa macho. Nilipofikia la mwisho, lile la mistari alilonishonea mwenyewe, nilitaka kulia, lakini nalo nikalitoa.

Mama alisema hakai. Mjomba aliomba amalizie. Nilimbebea Mama mkoba wake mpaka stendi, natembea upande upande, matope mpaka kifundoni, na hakuniambia nipunguze mwendo. Imeniuma. Sisemi haikuniuma. Kabla ya kupanda nilimwambia:

"Karibu siku yoyote, Mama. Utakula tunachokula."

"Nitakuja na chakula changu."

"Njoo nacho. Nitakikamulia ndimu."

Alipanda. Aligeuza uso dirishani, sijui kwa hasira au kwa nini. Mjomba, aliyetufuata na kifurushi chenye joto kwapani, alinipungia mkono kwa niaba ya wote wawili.

Niliporudi vyombo vilikuwa bado mezani, na mke wangu alikuwa ameketi katikati yao, anakula. Ameketi. Hakuinuka nilipoingia, hakuniuliza imekuwaje. Alinisogezea kiti kwa mguu, akaendelea kula.